Viti vya Wanaomdai Glenda

Mume wangu Clive hakosi ushauri, na mwingi wake ni wa kumtia mtu matatani. Jumamosi ile alikuwa jikoni kwetu hapa Stoke, Uingereza, mdomo umejaa chapati ya oti na jibini, akimshauri dada yangu Glenda afiche pesa.

Pesa zenyewe zilikuwa za jasho. Tangu alipomaliza shule, Glenda alikuwa akipaka mistari ya dhahabu kwenye sahani kiwandani, mpaka kiwanda hicho kilipofungwa na kila mtu akalipwa kwa miaka aliyotumikia. Zake zilizidi pauni elfu ishirini. Lakini mumewe wa zamani alipotoroka alimwachia mikopo iliyoandikwa jina la Glenda, na sasa alikuwa amemaliza miaka mitatu katika mpango wa kisheria wa kulipa madeni. Kila mwezi unatoa kinachobaki baada ya chakula na kodi ya nyumba, msimamizi anawagawia wanaokudai, na miaka mitano ikiisha kilichosalia kinafutwa. Ukipata pesa za ghafla, lazima umwambie msimamizi. Ukizificha na ukagundulika, mpango unavunjika na madeni yote yanakurudia.

"Shemeji, ziweke kwenye akaunti ya Maxine," Clive alisema. "Nani atajua?"

"Mimi nitajua," nilimjibu, maana Maxine ni mimi.

"Wewe nyamaza, naongea na shemeji yangu. Glenda, ukiwaambia tu, watazoa zote. Wale hawana huruma, wale!"

Glenda aliweka kikombe chini. "Shemeji, miaka mitatu sijanunua koti. Gari la posta likisimama mlangoni najificha, nikidhani ni barua ya madai. Sasa unataka nianze kuogopa na polisi?"

"Yaani wewe ni mwoga tu."

"Ndiyo, ni mwoga. Nipe hiyo simu."

Akampigia msimamizi wake, Bwana Ollerenshaw, akawasha spika ili sote tusikie. Akamtajia kiasi chote bila kupunguza hata senti. Mimi nilifumba macho. Bwana yule akasema, kwa sauti ya upole kabisa, kwamba Glenda angebaki na pesa za kuishi miezi sita akitafuta kazi, na ziada ndiyo ingeenda kwa wanaomdai. Clive aliacha kutafuna.

"Hiyo ziada," Glenda akasema, "ni kubwa kuliko yote ambayo ningewalipa miaka miwili iliyobaki. Na sasa sina mshahara. Waulize kama wataipokea tumalizane."

"Naweza kupeleka ombi, lakini kutakuwa na kikao cha kupiga kura, na kura inapimwa kwa ukubwa wa deni. Kuna benki moja inakudai karibu nusu. Ikisema hapana, ombi limekufa."

"Halafu?"

"Unatoa ziada hiyo hiyo, na mpango unaendelea."

"Bila mshahara?"

"Bila mshahara. Pole sana."

Tulielewa maana yake. Kazi isipopatikana kabla pesa hazijaisha, mpango ungeporomoka na miaka yake mitatu ya kujinyima ingekuwa ya bure.

"Kikao kitakuwa wapi?"

"Ofisini kwangu, Manchester, ila huna haja ya kuja, kwa sababu kwa kawaida—"

"Nitakuja," Glenda akasema, akakata simu.

Siku ya kikao alivaa koti langu la misibani. Clive alituendesha, nikamwamuru abaki garini, maana mdomo ule ningeuingiza ofisini kwa kazi gani? Njia nzima Glenda alikuwa akiniuliza benki itamtuma nani. Nikamwambia atakuja mwanaume mwenye tai na asiye na nyusi. Hakucheka.

Tukaingizwa chumba chenye meza ndefu na viti vingi. Vyote vitupu.

"Wamechelewa?" Glenda akauliza.

Bwana Ollerenshaw akajikuna shingo. "Huwa hawaji. Nilijaribu kukuambia. Wanatuma kura kwa kompyuta. Miaka yote niliyofanya kazi hii, sijamwona hata mmoja."

Glenda akabadilika rangi. "Kwa hiyo walioninyima usingizi ndio hawa?" Akanyoosha kidole kwenye viti.

Wanaodai kidogo walikuwa wamekwisha kukubali. Benki ilikuwa kimya. Mwisho wa kupokea kura ulikuwa saa sita mchana, na Bwana Ollerenshaw akatueleza kwamba zinahesabiwa kura zilizopigwa tu. Benki ikinyamaza, tumeshinda. Basi tukaketi tukiiombea benki usingizi. Sijawahi kuitazama kompyuta kwa chuki namna ile.

Saa sita ilikuwa inakaribia kabisa kompyuta ilipolia. Glenda akanishika mkono akaubana mpaka pete ikaniumiza.

Bwana Ollerenshaw alisoma, akarudia kusoma, akavua miwani.

"Wamekubali," akasema. "Wote. Ukishatoa ile ziada, umemaliza."

Nilipiga ukelele, sioni haya kusema. Glenda yeye hakulia wala hakucheka. Alisimama, akalinyoosha koti langu, akavigeukia vile viti.

"Mimi naitwa Glenda Colclough," akaviambia. "Nimekuja kuwaona, nyinyi hamkuja. Niliambiwa niwafiche pesa nikakataa. Chenu nawapa leo, na kinachobaki ni changu, sitakila kwa kujificha. Gari la posta lije hata mara kumi kwa siku, nitafungua mlango mwenyewe. Sidaiwi."

Akavuta pumzi, akalirudia neno hilo kwa nguvu, kiasi kwamba wafanyakazi wa chumba cha pili wakachungulia: "Sidaiwi!"

Bwana Ollerenshaw akainuka kitini mwake kwa heshima. Mimi nikapiga makofi mpaka viganja vikawaka moto.