Dosie Papa Kazadi Alikatala Kufuta

Ku jamaa ya Papa Kazadi, kama munahama, muko nabeba yote. Mwaka ya 92 balifukuzwa kwabo, balipanda treni bila hata sufuria, na tangu ile siku muzee hakuachaka kintu.

Basi wakati kanisa ilimutuma kutosha programu ya bageni ku mashini ya zamani ya Windows na kuitia mu mashini mupya ya Linux, alikopia yote, mupaka dosie moja ya mafichier yenye hakuna muntu alijua kazi yake. Ile programu njo inagawa bageni: huyu atalala kwa nani, huyu kwa nani. Bamama baimbaji ba chorale ya Luena balikuwa tayari mu treni, na Papa Kazadi aliapa mbele ya kanisa yote asema hakuna hata mumoja atalala juu ya simenti.

Anabonyeza. Mashini inajibu: module ya Linux haionekane.

"Haionekane namna gani? Miye nilileta yote."

Salomé, mwalimu wa mashini, wa informatique, akainama. "Papa, module ni kipande ya programu; mu hii dosie ulileta za Windows. Kila mashini iko na zake. Tufute hii dosie, mashini itajitafutia zake ku internet."

"Kufuta? Bintu ya bantu?"

Akakatala. Akatuma Constant na pikipiki yake ku Base, mbali na muji, kwenye mashini ya zamani ilibakia, alete yenye ilisahauliwa. Constant alirudia na mavumbi mu meno, na flash moja, na kiti. "Nilisema banipe yote ilibakia," anasema. Ndani ya flash: za Windows tu.

"Basi," Papa Kazadi anasema, "kama ni kutupa, tuage muzuri. Soma majina yote ya mu dosie, mwana yangu."

Salomé akasoma. Ilikuwa maelfu. Bamama ba Luena bakafika ku kanisa na mikeka ku kichwa, bakazani ni ibada, bakaikala. Kila jina, banajibu: "Amina." Halafu bakaanza kuimba, polepole, ile ya matanga.

Mama Chancelvie, mukubwa wabo, akamusogelea muzee. "Papa, pole sana. Hawa bote balikufa na nini?"

"Hapana, mama. Ni mafichier ya mashini tu."

"Eh. Na siye bazima, tutalala wapi?"

Papa Kazadi akaangalia mikeka. Akanyoosha kidole, akafuta yeye mwenyewe. Salomé akaandika maneno mbili, mashini ikakokota zake, programu ikaamuka. Jina ya kwanza: Mama Chancelvie na benzake batatu, kwa Papa Kazadi.

Kwake, fasi ya kulala haikuwa. Kulikuwa milango bila nyumba, mapipa, macherehani ine ya kufa. Muzee akakamata pipa ya kwanza, akaitosha inje. Bibi yake alikuwa ku kizingiti. Hakusema kintu, juu aliogopa akisema, muzee ataacha kutosha.