Kata Kumi

Nitasema ukweli tangu mwanzo, mtu asije akanisifia bure. Sikutaka haki. Nilitaka yule bwana aaibike mbele ya watu, akose pa kuyaweka macho yake. Haki huenda ningeipata ndani ya wiki moja. Aibu yake niliisubiri miezi minne.

Mtaani tulimwita Marufuku. Alikuwa afisa wa majengo wa halmashauri, mtu mfupi mwenye mkoba wa ngozi na kalamu tatu mfukoni, na tangu aletwe kwetu hakuna kilichobaki bila kibali. Kupaka rangi ukuta wako, kibali. Kufuga kuku wawili uani kwako, kibali. Fundi viatu alitundika kiatu kikuukuu juu ya mlango wake ili wateja wamwone, akaambiwa kile si kiatu, ni bango, na mabango yana fomu yake. Tulicheka. Hilo ndilo kosa letu, tulicheka, kisha kila mtu akajaza fomu akaenda zake, kana kwamba ni jambo la kawaida mtu mzima kuomba ruhusa ya kuishi kwake.

Mimi ni seremala. Karakana yangu iko nyuma ya nyumba ya mama. Nyumba aliijenga marehemu baba, aliyekuwa mwashi na ndiye aliyejenga karibu mtaa wote. Mbele yake palikuwa na baraza. Miguu ya mama imekwisha nguvu, lakini baraza lilikuwa sawasawa na sakafu ya ndani, kwa hiyo kila asubuhi alijikokota mwenyewe na mkongojo wake, hatua sita, akakaa nje. Alikaa hapo mpaka jioni akisalimiana na wapita njia, akijua nani anaumwa, nani kanuna na nani kanunua viatu vipya. Sijui alimdhuru nani.

Siku waliyokuja nilikuwa mbali nikifunga madirisha ya mteja. Sheria ndogo mpya ilisema baraza lisizidi mita moja kutoka ukutani. Marufuku alikuja na wanaume wawili wenye nyundo, na kopo la rangi nyekundu, ila alisahau tepu ya kupimia. Akamwomba mama. Na mama yangu, kwa adabu zake, akamwambia achukue ile iliyokuwa dirishani.

Niliporudi nilikuta kifusi. Mlango wetu ulifunguka hewani, na kutoka kizingitini hadi chini palikuwa na kimo cha meza. Ukutani waliandika kwa rangi: 1.01. Mama alikuwa ndani kwenye kiti chake, ameshika mkongojo.

"Wamesema limezidi sentimita moja," aliniambia, kama mtu anayeomba radhi. "Mwanangu, sentimita moja ni kiasi gani?"

Nikamwonyesha kwa vidole viwili. Akavitazama vidole vyangu.

Sasa, baba alijenga kwa futi. Futi tatu kwa kila baraza la mtaa ule, na futi tatu ni sentimita tisini na moja na kidogo. Hata ulipime ukiwa umelewa halifiki mita. Nikaenda dirishani kuchukua tepu nihakikishe, sikuikuta, ndipo nilipokumbuka ilikuwa tepu gani.

Tepu ile kichwa chake kilikatika zamani. Seremala hatupi tepu nzima kwa ajili ya kichwa. Niliikata vizuri kwenye sentimita ya kumi, nikawa nikipima naondoa kumi akilini, na pale karakana tuliiita Kata Kumi. Kila aliyekuja kufanya kazi kwangu alielezwa siku ya kwanza. Mwanzo wake ulikuwa umechujuka kwa jasho na gundi, namba hazionekani mpaka uzifute. Marufuku alisoma mwisho wake tu. Hakuna aliyemwambia aondoe kumi, maana mama hakujua, na mimi sikuwapo. Baraza la mama yangu lilivunjwa na tepu yangu mwenyewe.

Kesho yake asubuhi nilikuwa ofisini kwake. Nilikwenda kwa nia njema, naapa. Nilikuwa na maneno tayari: bwana, kuna makosa, tepu hii ina kilema. Nayo ilikuwa palepale mezani, juu ya mafaili.

"Afisa, nimekuja kuhusu kipimo cha..."

"Kipimo cha ofisi ni cha mwisho," alisema bila kuinua kichwa.

"Nisikilize kidogo tu. Mama yangu hawezi kutoka ndani."

"Mama yako alipaswa kufikiria hayo kabla ya kujenga barabarani. Andika barua." Kisha akaniangalia, akatabasamu. "Na mkipenda mteremko wa kumtolea nje, mteremko nao unahitaji kibali."

Alinikata maini. Yale maneno niliyokuja nayo niliyameza. Nikamwambia asante, nikaiangalia tepu yangu pale mezani, nikaondoka. Njiani nilijisemea: kaa nayo. Ipime nayo dunia nzima.

Na kweli akaipima. Wiki ya tatu ilikuwa zamu ya jirani yetu, mshonaji, ambaye cherehani yake ilikaa barazani kwa ajili ya mwanga. 1.01. Kisha fundi viatu. 1.01. Mpaka mwezi wa nne zilikuwa nyumba saba, namba ileile kwa rangi ileile, na ofisini hakuna hata mmoja aliyejiuliza. Waliolalamika walijibiwa kwamba kipimo cha ofisi ni cha mwisho. Mimi nilipita mbele ya namba zile kila siku nikienda kununua misumari. Kila nilipoona nyingine, Mungu anisamehe, nilihesabu: deni lako linakua, Marufuku.

Mshonaji alihamishia cherehani chumbani, penye giza. Siku moja sindano ilimpita kidoleni hadi upande wa pili. Hata hivyo, kila asubuhi, kwa kidole kile kilichofungwa kitambaa, alikuja kwetu kunisaidia kumshusha mama kutoka mlangoni. Mimi nilishika mabega, yeye miguu. Mama aliona haya kubebwa kama gunia, na baada ya wiki chache akakataa kabisa kutoka.

"Mdogo wangu," mshonaji aliniambia siku mama alipokataa, "hivi hatuna la kufanya?"

"Subiri kidogo, dada," nikamjibu.

Nilikuwa nasubiri ukumbi. Halmashauri ilikuwa inajenga ukumbi mpya wa mikutano, na ukumbi unahitaji mlango. Niliomba kazi ile kwa unyenyekevu, nikamvisha Marufuku kilemba cha ukoka mpaka akanipa. Nilipotaka kwenda kupima nafasi ya mlango mwenyewe, alikataa. Hakuna fundi anayeingia eneo la ujenzi bila kibali, na vibali vilikuwa bado havijachapwa. Angepima yeye, aniletee karatasi. Nilimwinamia. Usiku ule niliimba nikikunja shuka, mama akauliza nimepatwa na nini.

Karatasi ikaja na mhuri: upana mita moja na sabini, kimo mita mbili na thelathini. Nikafanya kazi ile kwa roho moja. Fremu ya mbao ngumu, milango miwili ya paneli, viungo vimekaza hata wembe haupiti. Sijawahi kutengeneza kitu kizuri kama kile. Kibali cha kuingia kilitoka asubuhi ya siku ya uzinduzi.

Mwenyekiti wa halmashauri alikuwa amefika, na wakazi tulikuwa tumeagizwa kuhudhuria. Mshonaji na fundi viatu walisimama mstari wa mbele. Tukainua fremu na wenzangu wa karakana, tukaipeleka kwenye nafasi yake. Haikuingia. Tukaigeuza. Haikuingia. Watu wakaanza kuguna.

"Seremala gani huyu!" Marufuku alipaza sauti. "Nimempa vipimo kwa maandishi!"

"Na nimevifuata," nikasema, nikampa mwenyekiti karatasi yenye mhuri na tepu yangu mpya. "Mheshimiwa, pima fremu."

Mwenyekiti alipima. Mita moja na sabini, mita mbili na thelathini. Marufuku akacheka kwa dharau, akatoa Kata Kumi mfukoni, akaivuta kwenye nafasi ya mlango mbele ya macho ya wote. "Hii hapa! Moja na sabini! Basi mbao zake zimevimba."

Nilikuwa nimeota dakika ile mara nyingi, na bado ilikuwa tamu kuliko nilivyoota.

"Mheshimiwa," nikasema, "naomba uifute tepu ya afisa pale mwanzo, utusomee namba ya kwanza."

Mwenyekiti akasugua kwa kidole gumba, akaisogeza karibu na miwani. "Kumi na moja," alisema. Akageuza upande wa pili. "Mbona inaanzia kumi na moja?"

Kicheko kilianzia nyuma kikaja mbele. Marufuku macho yalimtoka pima. Alifungua kinywa, nami nikamwahi: "Kipimo cha ofisi ni cha mwisho, afisa. Uvunjeni ukumbi uenee mlango." Watu walishikana mabega kwa kucheka. Jasho lilimtiririka hadi kwenye kalamu zake tatu. Nilimtazama, sikupepesa, nikashiba.

Kisha kicheko kikakatika. Fundi viatu alikuwa anahesabu kwa vidole. "Kumi," alisema polepole. "Moja nukta sifuri moja, toa kumi... Jamani, mabaraza yetu!"

Makelele yakazuka. Mwenyekiti akainua mikono, akatamka mbele ya wote kwamba mabaraza yote saba yatajengwa upya na halmashauri na afisa anasimamishwa kazi kuanzia saa ile. Walishangilia. Mshonaji pekee hakushangilia. Alikuwa amemwendea mwenyekiti, akaichukua ile tepu, akaigeuza. Kwenye kasha lake, tangu zamani, nilichonga alama ya msumeno, kama ninavyochonga vifaa vyangu vyote.

"Hii ni yako," aliniambia.

"Ni yangu, dada."

"Ulijua tangu lini?"

Ningeweza kudanganya. Nilikiangalia kidole chake. "Tangu siku ya mama."

Hakunitukana. Aliiweka tepu mkononi mwangu, akaifunga ngumi yangu juu yake, akaenda zake. Ndipo nilipoona nilivyofanana na yule bwana. Yeye aliwaamulia watu namna ya kukaa makwao. Mimi niliwaamulia wajue nini na wakae gizani mpaka lini, nami pia sikumwuliza mtu.

Halmashauri nilijua ingechelewa. Baraza la mama nililijenga mwenyewe wiki ileile, futi tatu, sawasawa na sakafu. Siku lilipokauka nilimwambia ajaribu. Akaja na mkongojo mpaka kizingitini, akasimama.

"Mshonaji siku hizi haji," alisema. "Mmegombana?"

Nikamweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho, mkono umeegemea fremu ya mlango.

"Kwa hiyo lake lilivunjwa ukijua."

"Nilikuwa nakulipizia wewe, mama."

"Mimi sikukutuma," alisema.

Akapita juu ya baraza jipya bila kusimama, mpaka ukingoni, akaninyooshea mkono nimshushe. Nikamshusha. Akaniambia nichukue kiti chake nimfuate. Ilituchukua muda mrefu kuvuka zile hatua chache hadi kwa jirani. Mshonaji alitokea mlangoni, akamshika mkono bila kuniangalia. Mama akanielekeza niweke kiti kwenye kifusi, chini ya ile 1.01, akakaa akiipa nyumba yetu mgongo.

"Nenda kalete mwiko wa baba yako," aliniambia. "Sirudi kule mpaka hili lisimame. Halafu bado matano."