Mikono ya Ukuta wa Nyuma

Saa saba mchana Nalepo alimaliza kufagia baraza la nyumba kubwa iliyo katikati ya bustani ya jiji. Akaegemeza ufagio, akachukua jagi na beseni, akaenda kunawisha mikono.

Mikono ilikuwa imeshatoka. Ilitoka ukutani kila siku wakati wa chakula cha mchana, katikati ya mawe, hadi kwenye viwiko, viganja vikiwa wazi. Nalepo aliimiminia maji mmoja mmoja, akaifuta kwa kanga kuukuu, kisha akaweka konzi ya makande kwenye kila kiganja. Mikono ikarudi ndani na chakula. Ilipotoka tena ilikuwa mitupu, nayo ikamgusa bega kidogo, kushukuru. Hakuna hata mmoja uliowahi kusahau.

Makande yalitoka kwa Pudensiana, mama lishe mwenye banda nje ya geti.

"Wateja wangu wazuri hao," alisema akipakua. "Hawajawahi kulalamika chumvi."

"Wala hawajawahi kukusifia."

"Nani kasema? Juzi mmoja kaniminya shavu. Baba watoto mwenyewe hajanifanyia hivyo tangu tuoane."

Nyumba ile ilikuwa ya Bwana Hollmann, mlowezi wa kahawa enzi za ukoloni. Wanaume waliletwa kwa nguvu kutoka miteremko ya Meru, wakabeba mawe vichwani kutoka mtoni. Kwao, nyumba ikiisha kuezekwa mwenyewe huchinja, na waliojenga hunawa na kula kabla yeye hajahamia. Bwana Hollmann alichinja kweli. Akala ndani na wageni wake, na wajenzi wakaambiwa wasubiri nje. Wakasubiri. Hakuna aliyetoka kuwaambia vinginevyo.

Mmoja wao alikuwa Lengai, baba wa mama yake Nalepo. Siku ya kuezeka hakurudi nyumbani. Nyapara alimwambia mkewe kwamba amekimbilia Moshi na mwanamke mwingine. Mke yule, Nashipae, alikuwa na mimba. Alimsubiri, kisha akachoka kusubiri, akaacha neno ambalo ukoo mzima ulilishika: jina la Lengai asipewe mtoto yeyote.

Sasa Soila, mjukuu wa Nalepo, alikuwa amejifungua mtoto wa kiume huko Ngaramtoni. Ubatizo ulikuwa umekaribia na mtoto hana jina. Nalepo alitaka kumpa la Lengai. Lakini angempaje mtoto mchanga jina la mtu aliyekimbia familia yake? Ndiyo sababu, kila aliponawisha, alitazama kidole cha mwisho cha kila mkono wa kushoto. Bibi yake alikuwa amemwambia kwamba cha Lengai kilipinda kama ndoano, kwa kuvutwa na kamba ya ndama. Kuta tatu alizimaliza bila kukiona. Ukuta wa nyuma ulikuwa umepigwa lipu ya saruji tangu miaka mingi, na hapo haukutoka hata ukucha.

Alasiri ile akaja Sylvanus, msimamizi wa ukarabati.

"Shikamoo, koko," alimwamkia kama bibi yake.

"Marahaba, baba. Lipu ya huko nyuma mnaibandua lini?"

"Kesho asubuhi. Jioni tunapiga mpya."

"Basi mchana niachie kidogo."

Sylvanus alikubali. Kesho yake alikuja mwenyewe na chupa ya maji ya moto kutoka kwa Pudensiana, maana ulikuwa mwezi wa saba na Arusha ilikuwa na baridi kali. "Hao wamekaa muda mrefu," alisema. Akawachukua mafundi wake wakale mbali.

Mikono ya ukuta wa nyuma ilitoka polepole, imejaa vumbi jeupe, ikajinyoosha. Nalepo aliinawisha yote kwa zamu, bila kuruka hata mmoja, ingawa mkono wenye ndoano alikuwa ameshauona chini ya mfereji wa paa. Alipoufikia, aliushika kwa mikono yake miwili.

"Babu, mimi ni Nalepo. Mtoto wa mtoto wako. Mama alizaliwa salama."

Mkono ukakaza vidole.

"Bibi alikusubiri. Halafu akakukasirikia. Alikufa na hasira hiyo."

Mkono ulitulia, kama mtu anayesikiliza lawama mpaka mwisho. Kisha Nalepo akausugua vumbi kati ya vidole, akaulisha.

Jioni mafundi hawakupiga lipu. Sylvanus aliwaambia wakubwa wake kwamba ukuta ule unapumua vizuri zaidi ukiachwa mawe matupu. Akaomba pia kibao cha ukumbusho kitakachowekwa mbele ya nyumba kibadilishwe maneno. Akaambiwa kimeshachongwa. Akaomba tena, akaambiwa vilevile, akarudi kumwambia Nalepo akiwa ameshika kofia mkononi.

"Umeniombea mara mbili," Nalepo alisema. "Mungu akubariki, baba."

Jumapili mtoto alibatizwa katika usharika wa Ngaramtoni, akaitwa Lengai. Wazee wa ukoo walisikia habari ya mkono, wakatikisa vichwa kukubali, wakala.

Jumatano kibao kilizinduliwa. Kilisema kwamba nyumba hii ilijengwa na Bwana Hollmann. Wageni walipiga makofi, wakala kwenye mahema, wakaondoka. Nalepo alikifuta kibao alama za vidole, kwa kuwa ndiyo kazi yake, kisha akachukua jagi na beseni akazunguka nyuma. Soila alikuwa ameshafika na mtoto mgongoni.

Mkono wenye ndoano ulikuwa umetangulia mingine. Kabla Nalepo hajainama, ulimpokea jagi taratibu, ukaliinamisha, ukangoja.

Nalepo akaweka beseni chini, akakinga mikono. Maji yalikuwa na joto. Pudensiana alikuwa amekumbuka kuyapasha.