Oili Iliyokuwa Ikipanda

Fundi Shaaban alitembea kwa miguu kutoka Turwa mpaka kijiji kimoja cha ujamaa upande wa Nyamwaga, mfuko wa spana begani, maana wiki hiyo hapakuwa na gari lenye petroli. Alikuwa ameitiwa pampu ya maji. Injini yake ndogo ndiyo iliyopandisha maji kutoka mtoni hadi bustani ya kijiji, na sasa ilivuja kila upande.

Mwendeshaji wake, Mzee Magige, alikuwa ameshaisugua ikang'aa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nitibie huyu mgonjwa."

Shaaban aliikausha injini yote kwa kitambaa, akafungua koki ya tangi, akachuchumaa kuona unyevu utaanzia wapi. Punde petroli ikachuruzika kwenye kabureta. Akaifungua. Ile sindano ya kuzuia petroli ilikuwa imelika ncha. Aliisugua taratibu juu ya jiwe la kunolea, akairudisha, na mchuruziko ukakoma. Wanawake waliokuwa wakipalilia wakapiga vigelegele. Waisiko, kiongozi wao, akamletea uji.

Uji ulipoa. Shaaban alikuwa amechomoa kijiti cha kupimia oili na kukinusa. Oili ilikuwa nyepesi kama chai, na ilinuka petroli.

"Mzee, mara ya mwisho uliongeza oili lini?"

"Tangu kiangazi sijaongeza," Magige alijibu kwa fahari. "Hii hailambi oili. Kila asubuhi naikuta imepanda kidogo."

"Na jioni unafunga koki?"

"Koki? Walioileta walinionyesha kuiwasha na kuizima, basi."

Shaaban akakirudisha kijiti. Akaushika mhimili wa injini, akautikisa. Ukacheza kama jino bovu. Miezi mizima, koki ikiachwa wazi usiku, petroli ilipita kwenye sindano ile ikashukia kwenye oili na kuifanya nyepesi, na chuma kikasaga chuma. Oili iliyovuja ubavuni angeweza kuizuia kwa sili, pete ya kuzibia, ya kukata kwenye ngozi, lakini mhimili unaoyumba ungeitafuna siku hiyohiyo. Ulihitajika mhimili mpya, na mwaka huo hata sabuni ilikuwa ya kutafuta.

Mwenyekiti Wangwe alipofika alikuwa na swali moja tu. "Nani ameiharibu? Wilayani wataniuliza, na siku hizi wahujumu wanakamatwa."

Magige aliinamisha kichwa.

"Uchakavu, Mwenyekiti," Shaaban akasema. "Chuma kimechoka."

Mzee alimsindikiza mpaka njia panda. Hapo akasimama. "Usinifiche, mwanangu. Ni mimi?"

Shaaban alitafuta uongo mwingine, hakuupata. "Ni koki, mzee. Hukufundishwa."

"Nilikuwa nainusa kila asubuhi," Magige alisema. "Nikadhani ndivyo injini zinavyonuka."

Miezi minne baadaye Shaaban alipita tena. Bustani ilikuwa magugu matupu, na Waisiko alikuwa akipanda kutoka mtoni na ndoo kichwani. Barua tatu zilikuwa zimeandikwa kwenda wilayani, lakini mhimili haukuja. Waisiko alisema Mzee Magige alisimama mkutanoni akajitaja mwenyewe. Hakuna aliyemkamata. Ila watu waliacha kumsalimu, naye akavuka mpaka kwenda kwa dada yake Kenya.

"Aliwaaga?" Shaaban akauliza.

"Angemuaga nani, fundi?" Waisiko akasema, akaendelea kupanda kilima.