Punguza Unywele

Mambo yaliharibika Jumatano, tarehe kumi na nne Agosti, saa nne asubuhi, mashine ya oksijeni iliyokuwa inamsaidia mke wangu kupumua hospitalini ilipozimika. Iliharibika valvu, kitu kidogo kama kidole gumba. Wakaagiza nyingine ng'ambo, ikafika wiki tatu baada ya mazishi.

Mimi ni mkereza vyuma. Nilijaribu kuichonga mwenyewe, ikavuja. Wakubwa wa kazini walikuwa wakituambia kiwanda cha kisasa cha kutengeneza vipuri kama hivyo ni gharama.

Miaka sita baadaye wamekijenga, na binti yangu ndiye anayeendesha mashine ya kompyuta inayokata chuma. Jana alinipeleka nikaione.

"Hapo punguza unywele," nikamwambia, kama tunavyosema karakana tukitaka chuma kipunguzwe kidogo sana.

"Unywele wa nani, baba? Wako umebaki mmoja, tusiutumie."

Wenzake wakacheka.

"Limashine lenyewe halijui hata kusalimia," nikasema.

"Na wewe je? Umeingia umenuna, hujamsalimia mtu."

Akageuka akaiwasha mashine. Dakika kumi na moja baadaye akaniwekea kiganjani valvu ya aina ileile, bado ina joto. Nikaipitishia ukucha kutafuta kosa, sikuliona. Akasema inakwenda hospitali yetu, na hospitali za jirani nazo zimeshaagiza.

Meneja akaja kunipa mkono. "Mzee, una swali lolote?"

Nikamuuliza: kama ni kazi ya dakika kumi na moja, miaka yote ile mlikuwa mnangoja nini?