Alhamisi Iliyojirudia

Sista alikuwa amestaafu uuguzi miaka tisa iliyopita, ila uuguzi wenyewe ulikuwa bado haujamstaafu. Kwa miaka thelathini na mbili alisimamia wodi ya watoto wachanga, na hata majirani ambao hawajawahi kulazwa hospitali walimwita Sista. Kwa hiyo binti yake alipomwekea kompyuta sebuleni na kumfungulia picha za kiota cha kozi, yule ndege mwindaji, ili mchana usimwelemee, Sista hakutazama kama watu wengine wanavyotazama. Aliomba daftari na rula.

Kiota kilikuwa ukingoni mwa jengo refu la ofisi katikati ya mji, ghorofa ya ishirini na mbili, ndani ya sanduku la kokoto. Kamera ilikikodolea macho tangu alfajiri mpaka magharibi, na picha zikaenda moja kwa moja mtandaoni kwa yeyote mwenye nafasi na subira. Makinda walikuwa watatu, wakubwa tayari, manyoya ya kahawia yakichomoza katikati ya malaika meupe, yale manyoya laini ya utotoni. Sista aliwabatiza siku ya kwanza: Mlafi, Mgomvi, na yule mdogo wa mwisho akamwita Kitinda.

Daftari lilikuwa na safu nne: saa, chakula, nani kapata, na choo.

"Mama, unaandika choo cha ndege?" binti aliuliza siku moja, akipita na kikapu cha nguo.

"Sasa nitajuaje kama tumbo liko sawa?"

Binti huyo alikuwa mwalimu wa hesabu, mtu wa kupima kila kitu mara mbili, na ndiye aliyemhamishia mama yake hapo wiki tatu zilizopita. Sababu ilikuwa mayai. Sista aliyaweka jikoni kwake yachemke, akaenda kumwagilia maua, akanogewa na maua. Maji yakakauka, mayai yakalipuka kama fataki, na jirani akaita zimamoto. Hakuna aliyeumia isipokuwa dari. Lakini tangu siku hiyo binti alikuwa akimtazama mama yake kwa jicho fulani la huruma, na alikuwa ameshapanga miadi kwa daktari wa mambo ya kumbukumbu, Jumatatu saa tatu asubuhi. Daktari akisema akili inaanza kuchoka, nyumba ya Sista ingefungwa na yeye angebaki humu moja kwa moja, kwenye chumba cha wageni, analala ubavuni mwa meza ya kupigia pasi. Alimpenda binti yake kwelikweli. Ila aliupenda na mlango wake mwenyewe, ule anaoufunga na kuufungua anavyotaka, na kwa wiki tatu hizo alikuwa anajichunga kama mwanafunzi kwenye chumba cha mtihani.

Jumamosi, saa tatu na dakika tano, mama kozi alitua na njiwa asiye na kichwa. Sista akaandika. Saa tatu na dakika kumi na mbili Mlafi akanyakua paja, Kitinda akaambulia patupu. Saa tatu na dakika ishirini unyoya mweupe ukamganda Kitinda mdomoni, akawa anatikisa kichwa kama mzee mwenye ndevu mpya. Sista alicheka, akaandika na hilo. Kisha akafanya alichokuwa akifanya wodini kila asubuhi, akarudi kurasa za nyuma kulinganisha, maana mtoto anayekosa chakula siku mbili mfululizo lazima afuatiliwe.

Ukurasa wa Alhamisi ulimfanya avue miwani, aifute, aivae tena. Njiwa bila kichwa, saa tatu na dakika tano. Paja, Mlafi. Unyoya, Kitinda. Dakika kwa dakika, kana kwamba alikuwa amejinakili mwenyewe.

"Mwanangu," aliita, "hii ni Alhamisi."

Binti alitoka jikoni akikausha mikono. "Leo Jumamosi, mama."

"Najua leo Jumamosi. Nasema hawa ndege ni wa Alhamisi. Picha imerudiwa."

"Ndege wanakula kila siku, mama. Wanafanana leo na kesho." Na lile jicho la huruma likaja, pamoja na mkono begani. "Labda upumzike kidogo."

Sista alitamani kumpiga kofi la upendo. Badala yake alichukua simu, akapiga namba iliyoandikwa chini ya picha, ya ofisi inayoendesha kamera. Aliyepokea alikuwa fundi mitambo, kijana wa sauti laini. Alimwambia kwamba picha ni ya moja kwa moja, mama, aangalie tu tarehe pembeni ya skrini, si inaonyesha Jumamosi? Ilionyesha. Sista akashukuru kwa adabu na kukata simu, na kwa muda wa kama dakika mbili alijishuku mwenyewe. Zilikuwa dakika mbili mbaya sana.

Kisha akapiga moyo konde. Akamwita binti, akamwonyesha kiti, akamkabidhi daftari likiwa wazi kwenye ukurasa wa Alhamisi.

"Wewe soma. Mimi nitatazama. Nipe robo saa tu, halafu kama ni kichwa changu, nitakwenda kulala bila ubishi."

Binti aliketi kwa kumridhisha. Akasoma kwa sauti ile ya kumsomea mgonjwa: "Saa tatu na dakika arobaini, baba katua, kaondoka bila kuacha kitu."

Saa tatu na dakika arobaini baba akatua. Akazungusha kichwa, akaondoka bila kuacha kitu. Binti akatabasamu.

"Dakika arobaini na nne. Mlafi kampanda Kitinda mgongoni, kaanguka chali."

Mlafi akapanda, akaanguka chali. Binti aliacha kutabasamu.

"Dakika arobaini na tisa," alisoma, na sasa sauti ilikuwa ya kawaida, "Mgomvi kaipa kamera mgongo, kajisaidia, kaikosa kamera kwa shibiri moja."

Walisubiri wote wawili, wameinamia skrini, mama na binti, wakingoja ndege ajisaidie kama watu wanaongoja matokeo ya uchaguzi. Mgomvi akageuka. Akainua mkia. Akakosa kwa shibiri moja.

Mwalimu wa hesabu hakuhitaji la nne. Alichukua simu akapiga mwenyewe, kwa sauti ya darasani, ile inayowafanya hata watu wazima watafute madaftari yao. Fundi hakufika mbali na uongo wake. Wapaka rangi wa lile jengo walikata waya wa kamera jana jioni, alikiri, na mtu wa kuuunga hapatikani mpaka Jumatatu. Skrini ikiwa nyeusi watazamaji wanapiga simu na kutukana. Ndipo akaweka kanda ya Alhamisi, akaioanisha na saa ili jua liwe mahali pake, na ile tarehe ya pembeni mashine hujiwekea yenyewe. Hakujua kama kuna mtu anayeandika.

"Sasa kozi wenyewe," Sista alisema akiuinamia mkono wa binti wenye simu, "leo nani anawatazama?"

Fundi akasema anampigia mlinzi wa jengo sasa hivi.

Mlinzi wa jengo alipandishwa juu na simu yake mkononi, na picha zikaanza kuja kwenye simu ya binti zikitetemeka. Mlafi alikuwamo sandukuni. Mgomvi alikuwamo. Kitinda hakuwepo. Sista alishika ukingo wa meza, kama zamani wodini mtoto alipochelewa kulia. Mlinzi akachungulia chini, na hapo ndipo alipomwona, kimo cha mtu mmoja chini ya ukingo. Mguu ulikuwa umenasa kwenye wavu wa wapaka rangi, naye ananing'inia kichwa chini, mdomo wazi, bado anapumua. Mama kozi alimpokonya mlinzi kofia kwa mateke, kofia ikaenda zake mtaani.

Mtaalamu wa ndege alifika baada ya nusu saa na glovu za ngozi, akaukata wavu. Wakati wote huo Sista alikuwa kwenye simu, akitoa amri ambazo hakuna aliyeziomba.

"Usimpe maji kwanza. Ushike mguu, una joto? Vidole vinajikunja?"

"Vinajikunja, mama," mtaalamu alisema. "Wewe ni daktari wa mifugo?"

"Mimi ni Sista."

Kitinda alilishwa vipande vya nyama, akarudishwa sandukuni, na Mlafi akampanda mgongoni papo hapo. Fundi alipiga simu baadaye kuomba radhi. Alisema mtaalamu amemwambia kinda asingefika mchana akiwa hai.

Binti alikuwa na furaha isiyo kifani. Alishawatumia habari shangazi, wajomba na walimu wenzake, kila mara akitia chumvi kidogo kwenye kofia ya mlinzi. Halafu akaja kuketi na mama yake.

"Miadi ya Jumatatu naifuta," alisema. "Mtu anayekumbuka Alhamisi dakika kwa dakika, nimpeleke kwa daktari akafanye nini? Wiki ijayo nakurudisha kwako."

Hilo ndilo neno ambalo Sista alikuwa amelisubiri wiki tatu. Alikuwa na haki ya kunyamaza tu na kulipokea.

"Usiifute," alisema.

"Kwa nini?"

"Sikukumbuka Alhamisi, mwanangu. Niliisoma. Bila maandishi ningecheka ule unyoya mara ya pili kama mpya, na nilicheka kweli." Aliitazama mikono yake. "Na jana, wakati naoga, nilitafuta jina la baba yako. Nililitafuta robo saa nzima. Nimekaa naye miaka arobaini, nimemzika, na jina halikuja. Nilitoka bafuni na sabuni masikioni."

Binti alimshika mkono. Huruma haikuwamo tena machoni mwake, kulikuwa na hofu tu, na Sista aliona hofu inampendeza zaidi, maana yeye mwenyewe alikuwa nayo.

"Lilirudi?"

"Lilirudi. Wakati napaka mkate siagi."

"Mbona hukuniambia jana, mama?"

"Ningekuambia jana," Sista alisema, "leo ungeniamini habari ya Alhamisi?"

Binti alilivuta daftari, akafungua ukurasa mpya. Akaandika miadi ya Jumatatu, saa tatu asubuhi, akiwa bado ameushika ule mkono.