Mashine Isiyoazimwa

Rubani anayesinzia hewani hana wa kumtetea, na Kepteni alisinzia. Si kwa uzembe, jamani. Mtu huyu hakunywa, hakukesha, alilala mapema kama kuku, lakini kila asubuhi aliamka hoi kama aliyebeba magunia usiku kucha. Siku hiyo rubani msaidizi alimwita mara mbili wakiwa angani, ya tatu akamtikisa bega. Walipotua, mwenzake akaenda kusema. Kepteni alimchukia wiki nzima, kisha akakiri moyoni kwamba hata yeye angesema.

Vipimo vikaleta jibu. Akilala, koo lilijifunga, pumzi ikakatika, akashtuka bila kujua, akalala tena, ikakatika tena. Hivyo hivyo mpaka kunakucha. Akanyang'anywa cheti cha afya, na rubani asiye na cheti ni abiria tu kama mimi na wewe. Wakampa mashine ndogo, ukubwa wa redio ya mezani, yenye mpira mrefu na barakoa ya puani, ya kusukuma hewa ili koo lisijifunge. Ndani yake mna kadi inayoandika kila usiku: kaivaa saa ngapi, kaivua saa ngapi. Baada ya miezi mitatu daktari wa marubani ataisoma kadi, atamkalisha kwenye kiti ndani ya chumba chenye giza aone kama atasinzia, ndipo atoe uamuzi.

Aliambiwa aitumie kila usiku. Hapa lazima umjue rubani ni mtu wa namna gani. Kazi yake ni kusoma orodha ya ukaguzi bila kuruka mstari. Ukiruka mmoja, ndege haiondoki. Basi kila usiku kwake ilikuwa kila usiku, na hakuuliza zaidi. Marubani hawawaulizi madaktari maswali, wanaogopa wasije wakaulizwa ya kwao.

Sasa, kaka yake. Huyu alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, na tangu shuleni aliitwa Tingatinga kwa jinsi alivyokoroma. Mama yao alizoea kusema, "Mimi sikuzaa watoto, nilizaa gereji." Tumbo moja, shingo nene moja, mkoromo mmoja. Lakini dereva wa lori nani anampima usingizi? Akichoka anatafuna pilipili mbichi, anafuta machozi, anakanyaga mafuta.

Alikuja Jumamosi moja mchana, ametoka safari, na alfajiri ana mzigo mwingine. Akamkuta mdogo wake anaanika mpira wa mashine kwenye kamba ya nguo.

"Huu ndio mkonga unaolala nao?" Tingatinga akauliza. "Shemeji, wewe huogopi kulala na tembo?"

"Bora tembo, shemeji," mke wa Kepteni akajibu kutoka jikoni. "Tembo hakoromi."

Wakacheka mpaka mbavu zikawauma. Mpira ulipokauka, Tingatinga, kwa masihara yake yale yale, akajitupa kwenye kochi, akavaa barakoa, akawasha mashine. "Abiria fungeni mikanda," akasema, na hapo hapo akapitiwa. Usingizi wa pono. Mume na mke wakasimama wakimwangalia, maana katika maisha yao hawakuwahi kumwona amelala kimya. Kifua kilipanda na kushuka taratibu, na uso ukalegea, ukawa wa ujana.

Aliamka jioni. Akakaa kitako, akaigeuzageuza barakoa mkononi.

"Dogo," akasema, "kumbe watu ndivyo wanavyolala?"

Kepteni akacheka, ila mwenzake hakucheka.

"Niazime. Naenda na kurudi, siku mbili tu. Kwenye lori nina pa kuchomeka. Nimechoka, dogo. Siku hizi naogopa mpaka barabara iliyonyooka."

Kepteni akaivuta mashine upande wake. Alimpenda kaka yake, hilo lisemwe wazi. Lakini alikuwa ameshaingiwa na hofu juu ya mchana ule ule, kwamba kadi imeandika pumzi zisizo zake.

"Haiwezekani, kaka. Hii kitu inaandika. Usiku mmoja ukikosekana wananipiga chini, na mimi sina kazi nyingine ninayoijua. Ngoja nipate cheti, nitakupeleka mwenyewe hospitali, nawe upewe yako."

Tingatinga alimtazama, halafu akampiga kofi la begani. "Sawa, Kepteni. Kazi kwanza. Mimi nimeshazoea." Hakuwa mtu wa kuomba mara mbili. Akaaga, akaondoka.

"Ungempa," mke akasema.

"Halafu watoto wale nini?"

"Ungempa tu."

Kesho yake, mchana kweupe, lori lilitoka barabarani polepole mahali pasipo na kona, likaingia korongoni. Lami haikuwa na alama ya breki. Walioona walisema dereva hakupiga honi wala hakukwepa kitu. Askari wakaandika mwendo kasi, wakafunga faili. Kepteni peke yake alijua, na alijua vizuri mno.

Msibani watu walilala kwenye mikeka, mabega yakigusana. Yeye alijifungia chumba cha ndani na kuchomeka mashine. Mama yake akaingia kutafuta shuka, akamkuta amekaa kitandani na barakoa usoni, machozi yanamwingia ndani ya plastiki.

"Hata leo, mwanangu?"

"Hata leo, mama."

Mama akachukua shuka lake, akatoka, akaurudishia mlango.

Miezi mitatu ikatimia. Kwenye kiti cha gizani hakusinzia hata kidogo. Angesinziaje, na kila akifumba macho analiona lile korongo? Kisha daktari, mzee mchangamfu mwenye miwani shingoni, akasoma kadi kwenye kompyuta na kupiga mluzi.

"Sijapata kuona kadi kama hii. Hakuna usiku ulioukosa!"

"Si mlisema kila usiku?"

"Tunawaambia wote hivyo. Lakini binadamu ni binadamu, anasafiri, anapata mafua, umeme unakatika. Ukiitumia siku nyingi, inatosha."

Kepteni akauliza, "Ningekosa siku mbili?"

"Mbili?" Daktari akacheka, bila ubaya wowote. "Kepteni, hata ungeisahau hotelini wiki nzima, leo ungepita vile vile."

Kepteni akaweka viwiko mezani, akashika kichwa. "Nilimnyima," akasema. "Kaka yangu aliniomba siku mbili nikamnyima, akalala kwenye usukani, akafa."

Daktari akaacha kucheka. Alizima kompyuta, akaipangusa miwani yake, kisha akamsogezea karatasi na kalamu, kwa sababu cheti bila sahihi ya mwenyewe hakitumiki, na nje kulikuwa na marubani wengine wanasubiri. Kepteni akaichukua kalamu, akatia sahihi.